Bastola ya Kuendea Dansi

Benchi la wazee wa mji wa Mulkey liko nje ya duka la donati la Bi Ardith Goforth, na liko nje kwa sababu moja tu: mlangoni pana bango. Bango lina picha ya bastola iliyopigwa mstari mwekundu, na chini yake maneno ya sheria ya Texas, marefu kama mahubiri ya Pasaka, yakimwambia mwenye silaha asiingie. Ndani kuna kiyoyozi na viti vyenye mito. Nje kuna upepo unaookota mchanga kwenye mashamba ya pamba na kuja kuumimina kwenye kahawa ya mtu. Mwenye akili zake angeiacha bastola kwenye pikapu, akaingia ndani akala donati kama binadamu. Lakini wazee wa Mulkey si watu wa kuachana na chuma kwa ajili ya donati. Mwaka wa tatu huu wanakaa nje, kiangazi wakiiva, kipupwe wakiganda, na Bi Ardith anawatolea kahawa kwa birika, amefunga aproni yake ya maua, hana hata neno la kuwapa pole.

Alhamisi hiyo walikuwa watatu kama kawaida. Wa kwanza ni Harlan Stubbs, anayeitwa Jaji, ambaye hajapata kukanyaga mahakama ila siku ile jirani alipomshtaki kwa habari ya mbuzi. Ujaji wake ni wa kuchagua nguruwe bora kwenye maonyesho ya wilaya. Wa pili ni Dub Kincannon, yaani Kimbunga. Huyo, upepo uling'oa choo chake cha nje akiwa ndani yake, ukabeba kuta na paa, ukamwacha amekaa vilevile, gazeti mkononi. Wa tatu ni Orval Tidmore, Petroli, aliyeuza mafuta pale njia panda mpaka alipostaafu. Yeye ndiye aliyekuwa na shida.

Jumamosi kulikuwa na dansi ya zimamoto wa kujitolea, kwenye banda lao, magari ya moto yakitolewa nje ili watu wapate pa kuchezea. Na Mulkey wana mila yao: dansi ya mwisho ni ya polepole, na mwanamume akimwomba mjane dansi hiyo, keshasema yote. Kesho yake kanisani wanaume wanampa mkono, na akina mama wanauliza keki itakuwa ya nini. Petroli, mgane wa miaka mingi, alitaka kumwomba Bi Ardith. Alimpenda, na hakuwa na haja ya kujidanganya; akimwona anatoka na birika, moyo unamdunda kama trekta la zamani linalokataa kuwaka.

Lakini kiunoni mwake ilining'inia rivolva ya marehemu baba yake, nzito, mtutu wake umebaki kidogo ufike gotini. Tangu siku ile kijana mmoja alipomwelekezea bunduki pale kituoni, akamlaza kifudifudi kwenye sakafu yenye oili, Petroli hakuwahi kutoka nyumbani bila chuma hicho. Akikiacha, mikono inamtetemeka na anajiona kama katoka bila suruali. Sasa, mwanamke mwenye bango kama lile mlangoni, si wazi kwamba anachukia silaha kuliko mchwa? Na dansi ya polepole ni ya kukaribiana. Bi Ardith atakigusa chuma, atashtuka, atarudi nyuma, na pale nyuma atakuwa amesimama Ferris Dalby, dalali wa ng'ombe, na viatu vyake vipya, mkono keshaunyoosha. Ndiyo maana Petroli alikuwa anatafuta rivolva ndogo, ndogo kabisa, ambayo hata mwanamke aliye kifuani pako hawezi kuijua.

– Haya, – Jaji alisema, akipuliza mchanga kwenye kikombe. – Umeshachagua?

– Bado.

– Bado! Pamba imepandwa unachagua, imepaliliwa unachagua, sasa mashine zinaivuna na wewe bado unachagua. Jamaa wa duka la bastola anafunga kesho jioni, ujue.

– Amenitengea tatu, – Petroli alisema. – Moja nyepesi, moja ya chuma kizito, na moja ya kati na kati.

– Beba nyepesi, mzee mwenzangu! – Kimbunga aliruka. – Nimeishika ile. Nyepesi kama donati isiyo na kitu ndani. Unaitia mfukoni, unasahau kama umeivaa.

– Asahau vipi, na ile inapiga teke? – Jaji aliuliza. – Chuma kinapokuwa kizito ndicho kinachomeza teke. Nyepesi inakuachia lote wewe mwenyewe. Shemeji yangu aliinunua hiyo hiyo. Akapiga risasi moja, moja tu, meno yake ya bandia yakaokotwa kwa jirani.

– Yaliruka yenyewe?

– Mkono ulirudi na bastola, bwana wee, ukamgonga mdomoni! Mpaka leo anakunywa uji. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

– Walikuwa wanasema chawa, hao.

– Wewe uliwauliza? Walikuwa wanasema rivolva nyepesi.

Petroli alikunywa kahawa yake taratibu. Kila walipozungumza kitu, kitu hicho kilimwingia kichwani kikakaa karibu na vingine, na sasa kichwa kilikuwa kimejaa kuliko stoo yake ya zamani ya vipuri.

– Tatizo jingine, – alisema, – hizi ndogo zina matundu matano. Mimi nimezoea sita.

– Matano yanatosha, – Kimbunga alisema. – Haba na haba hujaza kibaba.

– Unataka ampige mtu kidogo kidogo?

– Nataka apunguze unene! Silinda ya matundu sita ni nene, inatuna kwenye suruali. Watu wataona umevimba upande mmoja, watakupeleka kwa daktari. Lile tundu la sita ndilo kitambi chenyewe.

– Na nyundo? – Petroli aliuliza. – Kuna yenye nyundo nje, na kuna iliyofichiwa nyundo ndani.

Hapo Jaji aliweka kikombe chini, maana aliona kesi imefika mahakamani kwake.

– Iliyofichwa! Iliyofichwa, bila rufaa! Ya nje inanasa kwenye nguo. Binamu yangu Cletus alisikia nyoka nyuma ya jukwaa, siku ya mazishi ya mjomba. Akaichomoa haraka, nyundo ikanasa kwenye chupi. Sasa yeye anavuta, chupi inavuta, yeye anavuta, chupi inavuta. Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo. Alipofanikiwa, bwana, alikuwa ameshika rivolva juu hivi, na chupi imening'inia kwenye mtutu kama bendera ya kujisalimisha.

– Na nyoka?

– Nyoka alikwenda zake. Aliona aibu.

Kimbunga alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Petroli pia alicheka, ingawa ndani ya kicheko chake alikuwa akijiona yeye, katikati ya banda la zimamoto, chini ya taa zote, Bi Ardith mbele yake na chupi yake hewani.

– Lakini isiyo na nyundo nje, triga yake ngumu, – alisema. – Unaivuta safari ndefu. Na vidole vyangu vina baridi yabisi.

– Vuta kwa viwili, – Kimbunga alisema. – Kidole kimoja hakivunji chawa.

– Hilo ndilo neno la kwanza la maana kutoka kwako leo, – Jaji alisema, – na bado si la kweli. Suala si triga. Suala ni mahali pa kuiweka. Mfukoni hapafai, ataona mfuko umezidiwa. Kwapani hapafai, dansi inainua mkono. Mimi nasema kwenye kifundo cha mguu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

– Mimi nikiinama, Jaji, nani ataniinua?

– Jambazi mwenyewe. Hapa ni Texas, watu wana adabu zao.

– Kofiani! – Kimbunga alipiga kelele, akajipiga paja. – Sikilizeni. Kofia yake ile ya Jumapili ina kina cha ndoo. Unaweka rivolva juu ya upara, unavaa kofia, nani atajua? Hakuna anayecheza dansi na kichwa cha mtu.

– Na mchungaji akisema tuombe? Kabla ya dansi lazima aombe. Kofia zote zinavuliwa.

Kimbunga alifikiri.

– Afumbe macho sana.

– Yeye akifumba, bastola itafumbua. Itaangukia bakuli la saladi ya viazi la Bi Wanda, na Bi Wanda akiona mtu kagusa saladi yake kabla ya zamu, hiyo rivolva hutaihitaji tena, utahitaji jeneza.

Sasa walikuwa wamepamba moto. Jaji alishauri aingize bastola ndani ya gita la mpiga gita, kisha amwombe mpiga gita asisogee mbali. Kimbunga akashauri kitambi cha bandia, cha pamba ya hapa hapa, bastola ikae katikati kama kokwa. Bi Ardith akigusa, ataona ni tumbo tu la mwanamume aliyelishwa vizuri.

– Tumbo ninalo tayari, – Petroli alisema.

– Basi itundike chini ya hilo ulilo nalo! Huko hata wewe mwenyewe hujafika tangu uoe mara ya kwanza.

– Mficha uchi hazai, – Jaji alisema, akitikisa kichwa kwa hekima.

– Hilo linahusiana na nini?

– Linahusiana. Sijajua na nini, ila linahusiana.

Kisha Jaji akaingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli akatoa kitu ambacho alikuwa amekificha tangu asubuhi. Ilikuwa rivolva ya mti, ameichonga mwenyewe kutoka kwenye nguzo ya mwerezi, kipimo kilekile cha ile ya kati na kati dukani: mtutu wa vidole viwili, mshiko mfupi, silinda ya matundu matano ambayo hata ilizunguka kidogo ukiilazimisha. Alikuwa ameipaka rangi nyeusi ya kiwi.

– Maneno tumemaliza, – alisema. – Sasa ushahidi. Petroli, simama. Kimbunga, wewe ni Bi Ardith.

– Kwa nini mimi?

– Kwa sababu una miguu mizuri. Simama!

Kimbunga alifunga karatasi ya kufungia donati kiunoni iwe aproni, akalegeza shingo, akafumbafumba macho. Petroli alichomeka ile bastola ya mti kiunoni kulia, akashusha shati juu yake. Jaji akaanza kuimba kwa pua wimbo wa polepole ambao watu wote wa wilaya wanaujua na hakuna anayekumbuka maneno yake. Na wazee wawili, umri wao ukijumlishwa karibu karne na nusu, wakashikana mikono barabarani mbele ya duka la donati wakaanza kuzunguka.

– Nimeigusa, – Kimbunga alisema kabla hawajamaliza mzunguko wa kwanza. – Iko kulia.

– Bi Ardith hasemi hivyo, – Jaji alikemea. – Sema kwa sauti yake.

– Loo, Bwana Tidmore, ni nini hiki kigumu nyongani?

– Ni funguo, – Petroli alisema.

– Funguo za nini, za gereza?

Wakaihamishia mgongoni. Kimbunga akaikuta kwa kiganja. Wakaihamishia mbele, chini ya mkanda, na Kimbunga akasema kwamba Bi Ardith halisi, kwa hilo, angeita polisi. Wakaitia kwenye buti, Petroli akachechemea kama bata aliyekanyagwa, akamkanyaga naye Bi Ardith wa karatasi, na Bi Ardith wa karatasi akatukana tusi ambalo halisemwi na mwanamke yeyote wa kanisa la Mulkey. Jaji hakuacha kuimba. Mbwa wa duka la mbegu alikuja kutazama, akakaa chini.

Mlango ukafunguliwa.

Bi Ardith alisimama pale na birika. Alimtazama Kimbunga na aproni yake ya karatasi, akautazama mkono wa Petroli uliokuwa kiunoni mwa Kimbunga, akamtazama Jaji ambaye mdomo ulibaki wazi kwenye noti ya juu.

– Mnafanya nini?

– Mazoezi ya mgongo, – Petroli alisema. Uso ulimwaka mpaka masikioni.

– Daktari kaagiza, – Kimbunga aliongeza.

– Mm-hm, – Bi Ardith alisema. Akawajazia vikombe kimoja baada ya kingine, hana haraka. Cha Petroli alikijaza mwisho, na hakukijaza mpaka juu, maana anajua Petroli anapenda kuacha nafasi ya maziwa. – Nasikia mnabishana bastola tena.

– Tunamsaidia ndugu yetu kuchagua, – Jaji alisema, akijinyoosha. – Si jambo la kila mtu, Bi Ardith. Linataka jicho. Mimi jicho langu, tangu nianze kukaa hapa, hakuna chuma kilichopita mbele yangu kikiwa kimefichwa nisikione. Hata mtu akivaa blanketi. Mchungaji huvaa kushoto. Karani wa benki huvaa mguuni, na ana soksi mbovu. Jicho langu halikosi kitu.

– Halikosi kitu, – Bi Ardith alirudia.

– Hata kimoja.

– Kunywa kahawa, Harlan. – Akarudi ndani.

Petroli alimsindikiza kwa macho mpaka mlango ukajifunga na bango likarudi mahali pake. Alianza kufikiri kwamba labda Jumamosi angesingizia homa.

Hapo ndipo lori likasimama ng'ambo ya barabara, limepakia mizinga ya nyuki iliyofunikwa wavu, likivuma lote kama kanisa linaloomba kwa siri. Alishuka mama mmoja mnene wa makamo, kofia ya majani kichwani, akawapungia mkono, akaingia dukani kwa Bi Ardith. Wazee hawakumjali. Walikuwa wamefika kwenye hoja ya Kimbunga kwamba bastola ichovywe kwenye sukari, ipambwe, ibebwe sahanini kama keki.

Yule mama alitoka na boksi la donati. Akafungua moja papo hapo, akala amesimama, akawasikiliza kwa muda. Kisha akasema:

– Samahani wazee wangu. Nimesikia mnajua habari za rivolva ndogo.

– Umefika mahakama kuu, – Jaji alisema, akamsogezea nafasi benchini.

– Sikai, nyuki wanaungua jua. Ila nalala sana njiani peke yangu, na nimekuwa natafuta ya kuvaa ambayo haionekani. Nataka kama ile ya mwenye duka. Ni ya aina gani ile?

– Ya nani?

– Ya huyu mama wa kahawa. Alijinyoosha kuchukua boksi juu ya rafu, blauzi ikapanda kidogo. Iko kiunoni kulia, nyuma ya fundo la aproni. Ndogo, imekaa vizuri, ngozi ya mfuko wake imelainika, yaani ya siku nyingi. Nikasema nyinyi mnaokaa naye kila siku lazima mnaijua. Ni ya aina gani?

Upepo ulipita na mchanga wake. Kimbunga alimtazama Jaji. Jaji aliangalia ndani ya kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo. Petroli alikuwa ameshika bastola ya mti, na hakujua ameishikia nini.

– Basi si neno, – mama wa nyuki alisema kwa upole, akiona kawatia aibu bila kukusudia. – Nitauliza mbele ya safari. – Akavuka barabara, akapanda, na mvumo wa lori ukaondoka naye.

– Labda ilikuwa simu, – Jaji alisema hatimaye.

– Yenye mfuko wa ngozi uliolainika?

– Labda ni kijiko kikubwa. Wapika donati wana vijiko.

– Jaji, – Kimbunga alisema, na mabega yalianza kumtikisika, – miaka mitatu! Miaka mitatu anakumiminia kahawa, kiuno chake usawa wa pua yako!

Akaangua kicheko, akateleza benchini mpaka chini. Petroli hakucheka. Alisimama, na kabla hajajizuia alikuwa ameshagonga kioo cha mlango, yeye akiwa nje, kama mtoto aliyefungiwa.

Bi Ardith akatoka tena, akifuta mikono.

– Bi Ardith, – Petroli alisema, – umevaa bastola?

– Mama wa nyuki kawaambia? – Hakushtuka hata kidogo. – Ndiyo. Nafungua duka peke yangu, jogoo hajawika. Ulitaka nivae nini, mwiko?

– Lakini bango!

– Bango limefanya nini?

– Tulijua unachukia silaha!

Bi Ardith alimtazama Jaji, akamtazama Kimbunga aliyekuwa bado chini mchangani, akavuta pumzi.

– Kabla ya bango mlikuwa mnakaa ndani. Mnakumbuka? Mnaingia asubuhi mnatoka mchana, viti vitatu, kahawa moja moja, na Harlan anasimulia habari za chupi ya Cletus mbele ya watoto wa shule. Wateja wakaanza kupita mlango huu wakienda kununua mikate kituo cha mafuta. Nikajiuliza, nifanye nini wazee hawa watoke bila kuwaudhi? Nikabandika bango. Nilidhani mtaziacha pikapuni mrudi mkiwa na adabu. Kumbe mko tayari kuganda nje. Basi nikasema, na wagande.

Jaji aliweka kikombe chini. Hukumu ilikuwa imeshasomwa.

– Kahawa imeisha, – Bi Ardith alisema. – Na wewe Orval, gunia la unga limeanguka nyuma ya jiko, linataka mwanamume. Ila bango bado lipo. – Akaingia ndani.

Petroli alibaki pale. Furaha ilikuwa imempanda mpaka akataka kupiga mbinja, kisha ikamjia hisia nyingine nyuma yake, baridi. Alikuwa ametumia kiangazi kizima kutafuta chuma ambacho Bi Ardith hatakigusa, na sasa ilikuwa dhahiri kwamba hakuwahi kuogopa kwamba Bi Ardith anachukia chuma. Alikuwa anaogopa kuuliza na kujibiwa. Bastola ilikuwa kisingizio kizuri kuliko baridi yabisi.

Alikwenda kwenye pikapu. Akafungua mkanda, akatoa rivolva ya baba yake, akaitia kwenye sanduku chini ya kiti, akafunga kwa ufunguo. Mikono ilimtetemeka kama alivyojua itatetemeka. Akaivuka ile lami fupi, upepo ukimpiga kiunoni mahali palipokuwa patupu, akijiona kama katoka bila suruali mbele ya mji mzima. Akapita mbele ya bango, akasukuma mlango.

Ndani palinukia sukari na mafuta ya moto. Kiyoyozi kilimpuliza usoni na alikuwa amesahau kabisa raha yake. Bi Ardith alisimama nyuma ya kaunta, mikono ameikunja.

– Gunia liko wapi? – Petroli aliuliza.

– Hakuna gunia.

– Ah.

Nje, Jaji na Kimbunga walikuwa wamebandika pua kwenye kioo. Wangeweza kuingia, pikapu zao zilikuwa pale pale, lakini hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kuvua chake. Petroli aliwapa mgongo.

– Bi Ardith. Jumamosi. Ile dansi ya mwisho. – Akashika ukingo wa kaunta. – Naomba unipe mimi.

– Ferris Dalby aliniomba jana.

Moyo wake ulikwenda chini, ukapita magoti.

– Nikamwambia ina mwenyewe, – Bi Ardith aliendelea, – ila mwenyewe bado anachagua bastola. Mchagua jembe si mkulima, Orval. Mimi yangu niliichagua asubuhi moja, donati zikiwa jikoni, na hazikuungua.

Petroli alicheka, na kicheko kikatoka kikubwa kuliko alivyokusudia, na alipotazama mikono yake aliona imetulia. Bi Ardith alizunguka kaunta, akaja akasimama mbele yake karibu kabisa, akampanga mabega kama mtu anayepanga viti vya wageni.

– Sasa sikiliza, tusije tukaaibika mbele za watu, – alisema. – Mimi navaa kulia. Tukitazamana, kulia kwangu ni kushoto kwako; basi nawe vaa kulia, tusigongane.